Blaise Pascal: kijana aliyefunga hesabu ndani ya sanduku

Watu wengi wanaijua Bendera juu ya mambo mawili. La kwanza ni santrale ya mto Kiyimbi, inayotuma umeme Kalemie. La pili ni vita ya 1965, pale Wacuba waliokuja na Che Guevara waliposhambulia ngome ya Bendera mwezi wa sita na kushindwa. Sisi leo tunaingia Bendera kwa mlango mdogo: meza ya fundi wa radio na simu, kando ya barabara ya kwenda Fizi.

Siku ile, kwenye meza kulikuwa kitu cha chuma, cheusi, kizito, kikubwa sawa mkate wa kilo moja. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amekikuta katika depo ya marehemu baba yake. Ilikuwa mashini ya zamani ya kuhesabia, ya Odhner, iliyotengenezwa Göteborg kule Uswidi. Haina betri, haina waya. Unapanga tarakimu kwa vidole, unazungusha manivele, na jibu linatokea chini katika vidirisha.

Lakini ilikuwa mgonjwa. Fundi alipanga 9, akazungusha, ikaonyesha 9. Akapanga 1, akazungusha tena. Badala ya 10, ikaonyesha 0. Ile moja iliyopaswa kuhamia kwa makumi ilipotea njiani.

Fundi hakulazimisha manivele hata kidogo. Alitoa visi, akatoa kifuniko, na kila visi aliiweka katika kopo la sardini kwa mpango, namna ilivyotoka. Kila hatua aliipiga picha kwa simu yake. Ndani tukaona magurudumu membamba yamepangwa sawa sahani kwenye kabati, kila moja na meno tisa yanayoingia na kutoka. Mafuta ya kitambo yalikuwa yamekauka, yamekuwa sawa ulimbo wa kutegea ndege. Kichuma kidogo kinachobeba ile moja kilikuwa kimenaswa mle. Aliosha kwa petroli na brashi ya meno, akaweka tone la mafuta ya cherehani. Saa sita mchana, 9 na 1 ikatoa 10, na watoto waliokuwa wamezunguka meza wakapiga kelele.

Mama mmoja, bibi ya mchimbaji, alikuwa pale anangojea simu yake. Hakupiga kelele. Aliuliza hiyo mashini ilihesabu vile miaka mingapi, na ile kumi ilikuwa inapotea upande wa nani: upande wa mwenye duka, ao upande wa mwenye kuleta mali. Hakuna aliyemjibu.

Ulizo lake lilinirudisha kwa kijana mmoja Mfaransa, aliyekufa sasa ni zaidi ya miaka 350. Jina lake Blaise Pascal. Wanafunzi wanamjua juu ya masomo ya fizika, watu wa dini wanamjua juu ya maandiko yake. Lakini kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa hii: kutengeneza sanduku linalobeba ile moja lenyewe.

Mtoto wa Clermont

Pascal alizaliwa tarehe 19 mwezi wa sita 1623, Clermont, mji wa milima katikati ya Ufaransa. Baba yake, Étienne, alikuwa mkubwa katika korti ya mambo ya kodi. Mama yake, Antoinette, alikufa wakati Blaise alikuwa na miaka mitatu tu. Baba alibaki na watoto watatu: Gilberte mkubwa, Blaise katikati, na Jacqueline mdogo. Hakuoa tena. Mwaka 1631 alihamisha watoto Paris na kuwafundisha yeye mwenyewe nyumbani.

Baba huyo alikuwa na mpango wake: kwanza lugha za zamani, Kilatini na Kigiriki, kisha hesabu. Vitabu vya hesabu akavificha. Lakini mtoto akikatazwa kitu, moyo wake unakwenda kwa kile kile. Dada yake Gilberte ameandika kwamba Blaise, wakati alikuwa na miaka kumi na miwili, alichukua makaa na kuchora duara na pembe tatu chini, peke yake, akitafuta sababu za kila kitu. Siku moja baba alimkuta pale chini. Hakumpiga. Alilia kwa furaha, akampa vitabu. Wakati alikuwa na miaka kumi na sita, kijana alikwisha kuandika kazi ndogo ya jiometria iliyoshangaza wataalamu wa Paris.

Jamaa ilikuwa vizuri, lakini si kwa muda mrefu. Mwaka 1638 baba aliingia katika kundi la watu waliosimama mbele ya wakubwa kulalamika juu ya mapato ambayo serikali ilikata. Kardinali Richelieu, aliyeshika inchi yote mkononi, alikasirika, na Étienne akakimbia Paris kukwepa gereza. Aliyemwokoa ni Jacqueline, yule mdogo. Alicheza teatri mbele ya kardinali pamoja na watoto wengine, akampendeza sana, akamwombea baba yake musamaha. Kardinali alisamehe. Kisha akampa Étienne kazi: kwenda Rouen kupanga kodi za Normandie.

Kodi na watu bila viatu

Sherti tuelewe kazi hiyo ilikuwa ya namna gani. Mwaka 1639 wakulima na maskini wa Normandie walikuwa wamesimama juu ya kodi. Waliitwa watu wa miguu mitupu. Serikali ilituma majeshi, watu walinyongwa, na Kansela Séguier akaja Rouen kuadhibu mji wote. Katika hali ile, mwanzo wa 1640, Étienne Pascal alifika na watoto wake. Wanaoishi katika carré za madini wanajua namna siku ile inavyokuwa: askari bado wako barabarani, na huyu hapa mtu wa karatasi anakuja na daftari lake.

Hesabu yenyewe ilikuwa mateso. Pesa ya Ufaransa wakati ule haikwenda kwa makumi. Livre moja ilikuwa sol 20, na sol moja ilikuwa denier 12. Kila kijiji kilikuwa na jumla yake, kila jumla ilipaswa kugawanywa kwa nyumba. Étienne alikesha usiku na vibarua vya kuhesabia, akisogeza mezani, akiandika, akifuta, akianza tena. Blaise alikuwa anamsaidia. Aliona macho ya mzee yanachoka, na aliona pia kitu kingine: akili ya mtu haishindwi na 4 na 3. Inashindwa na kukumbuka. Unafika 9, unaongeza 1, unaandika sifuri, na moja inabaki kichwani, ile tunaiita masomoni ritenu. Ukipiga chafya, imepotea.

Mwaka 1642, akiwa na miaka 19, alianza kutafuta namna ya kumpa mtumishi wa chuma kazi ile ya kukumbuka. Alifanya hivyo juu ya baba yake. Hatuna haki ya kusahau upande mwingine: kodi iliyohesabiwa ilikuwa ya wale watu wa miguu mitupu. Mashini haikuongeza kodi wala haikupunguza. Ilihesabu tu ile iliyoambiwa.

Ndani ya sanduku

Mashini ya Pascal ni sanduku la shaba, refu sawa sanduku la viatu, lakini la chini zaidi. Juu yake kuna magurudumu, na kila gurudumu lina mianya kandokando. Unaweka kijiti mwanya wa tarakimu unayotaka, unazungusha mpaka kizuizi, sawa watu walivyopiga simu za zamani. Katika vidirisha vya juu, jumla inaonekana. Kwa mashini za pesa, gurudumu moja lilikuwa na nafasi 12 juu ya denier, lingine 20 juu ya sol, na yale mengine yote 10.

Siri iko katikati ya gurudumu moja na lingine. Njia rahisi ingekuwa kuweka jino refu: kila mara gurudumu la kwanza likimaliza mzunguko, lile jino linasukuma jirani hatua moja. Ni vizuri kwa magurudumu mawili. Lakini fikiria umeandika 999 999 na unaongeza 1. Kidole chako kimoja sherti kisukume magurudumu sita kwa mara moja. Nguvu haitoshi, ao meno yanavunjika.

Pascal aliona kwamba uzito unaweza kufanya kazi hiyo. Wewe unayetumika na treuil kwenye mdomo wa shimo utamwelewa upesi. Kati ya kila magurudumu mawili aliweka mkono mdogo wenye uzito. Gurudumu likipanda kuelekea 9, linanyanyua ule mkono pole pole, sawa ndoo inavyopanda. Likipita 9 na kurudi 0, linaachilia. Mkono unaanguka kwa uzito wake mwenyewe, na katika kuanguka unasukuma jirani hatua moja. Jirani naye akiwa kwenye 9, anaachilia wa kwake, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Kila gurudumu limejiwekea nguvu yake mbele ya wakati. Kidole kinafanya kazi ya gurudumu moja tu.

Mpango huo ulikuwa na kasoro: magurudumu yalizunguka upande mmoja tu, hayakurudi nyuma. Kupunguza je? Pascal alitumia njia ya kukamilisha 9. Tuseme unataka kutoa 27 katika 85. Unatafuta kinachokosa kwa 85 ili kufika 99: ni 14. Unaongeza 27 juu ya 14: ni 41. Unatafuta tena kinachokosa kwa 41 ili kufika 99: ni 58. Na 85 kutoa 27 ni 58 kweli. Ulitoa kwa kuongeza tu. Mjaribu na watoto usiku huu. Hakuna haja ya mashini.

Mjerumani mmoja, Wilhelm Schickard, alikuwa amejaribu mashini yake mwaka ule ule Pascal alizaliwa. Lakini ile iliyokuwa inatengenezwa juu ya rafiki yake, mtaalamu wa nyota Kepler, iliungua na moto, na habari yake ikasahauliwa kwa karne nyingi. Pascal hakuijua. Yeye ndiye aliyefikisha mashini mikononi mwa watu.

Bandia yenye kung'aa

Kufikisha kulimgharimu. Kijana alikuwa na wazo, hakuwa na mikono. Mafundi wa saa na wa vyuma walikuwa na mikono, hawakujua jiometria. Ilikuwa kazi ya miaka: alijaribu zaidi ya namna hamsini, kwa mbao, kwa pembe ya tembo, kwa mpingo, kwa shaba. Ilipaswa isimamie safari: mashini inayohesabu vizuri mezani na kukosea baada ya kutikiswa njiani haina maana.

Katikati ya kazi, alipata pigo. Fundi mmoja wa saa wa Rouen alisikia habari, akatengeneza ya kwake bila kujua ya ndani. Kwa nje ilikuwa nzuri, imepigwa msasa, inang'aa. Kwa ndani haikuwa na faida yoyote. Watu waliiweka kama kitu cha ajabu. Wachimbaji wanaijua hadithi hiyo: kuna jiwe linalong'aa kuliko dhahabu, na ukilipiga nyundo linavunjika unga. Pascal alipoiona, moyo ulimvunjika, akawafukuza wafanyakazi wake wote. Aliogopa kwamba watu watashika ile ya bongo, wataona haifai, na hawatataka hata kutazama ya kweli. Marafiki na Kansela mwenyewe ndio waliomrudisha kazini.

Mwaka 1645 alimtolea Séguier mashini iliyokamilika. Ndiyo, Séguier yule yule aliyeadhibu Rouen. Mwaka 1649 alipata barua ya mfalme iliyokataza mtu yeyote kuiga bila ruhusa yake. Biashara lakini haikutembea. Mashini moja iliuzwa livre 100, pesa mingi sana wakati ule. Walionunua walikuwa wakubwa na watu wa kupenda vitu vya ajabu. Malkia Christina wa Uswidi alitumiwa moja mwaka 1652. Zile zilizobaki mpaka leo ni chache, na kadhaa ziko Paris katika jumba la makumbusho la Arts et Métiers.

Hewa, maji na pompe

Hapa kuna sehemu inayotuhusu sisi watu wa mashimo moja kwa moja. Kitambo watu wa visima na wa madini walijua kwamba pompe ya kuvuta haipandishi maji zaidi ya metre kumi hivi, hata uvute namna gani. Wenye elimu walisema dunia inachukia utupu. Mwitalia Torricelli alifikiri tofauti: hewa iko na uzito, na uzito huo ndio unaosukuma maji ndani ya bomba.

Pascal alitaka kuona. Kule Rouen alisimamisha mabomba ya kioo ya karibu metre 15, akayajaza maji na divai nyekundu mbele ya watu. Kisha akafikiri: kama ni uzito wa hewa, juu ya mlima hewa itakuwa kidogo. Yeye alikuwa mgonjwa, basi akamwomba shemeji yake Florin Périer, bwana ya Gilberte. Tarehe 19 mwezi wa tisa 1648, Périer alipanda Puy de Dôme, mlima wa karibu metre 1 465, na bomba la zebaki. Juu kule, zebaki ilishuka zaidi kidogo ya santimetre 8 kuliko chini. Hewa ilikuwa imepimwa.

Ndiyo maana motopompe iliyowekwa juu ya shimo inashindwa kuvuta maji ya chini sana. Haijaharibika, hewa imefika mwisho wa nguvu yake. Na hapa kwetu, ambapo ziwa Tanganyika lenyewe liko karibu metre 770 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo na pompe inavuta pungufu zaidi. Dawa ni pompe ya umeme inayozamishwa majini. Motopompe ya mafuta usiishushe shimoni hata siku moja: moshi wake umeua wachimbaji wengi.

Pascal aliandika pia namna maji yaliyofungwa yanavyosukuma sawasawa pande zote. Kriki ya hidroliki inayonyanyua kamio inatumika kwa sheria hiyo. Tangu 1971 kipimo cha msukumo duniani kote kinaitwa pascal. Bari moja, ile inayosomwa kwenye manometre za mabomba ya maji, ni pascal 100 000.

Miaka ya mwisho

Afya yake haikuwa nzuri tangu ujana. Baba alikufa 1651, na Jacqueline akaingia utawa wa Port-Royal. Mwaka 1654 aliandikiana barua na Pierre de Fermat juu ya michezo ya dadu, na katika barua zile ilizaliwa hesabu ya bahati, ile ambayo asiransi zinatumia leo. Mwishoni mwa mwaka ule, usiku wa tarehe 23 mwezi wa kumi na moja, alipata mambo makubwa ya imani. Aliyaandika kwenye karatasi, akaishona ndani ya koti lake, na ilionekana tu baada ya kifo chake. Mawazo yake juu ya mtu na Mungu yalitolewa kitabu mwaka 1670, yeye akiwa kaburini.

Hata katika ugonjwa alibaki mtu wa mipango. Mwezi wa tatu 1662, yeye na rafiki zake walianzisha katika Paris magari ya farasi yenye njia na bei moja: sol tano kwa kila mtu. Ndizo taxi-bus za kwanza za mji ule. Alitaka pato lake liende kwa maskini wa Blois, waliokuwa wanaumia. Katika nyumba yake alikuwa amepokea jamaa maskini. Mtoto wao aliposhikwa na ndui, Pascal hakuwatoa. Alitoka yeye, akaenda kwa Gilberte. Pale ndipo alipokufa tarehe 19 mwezi wa nane 1662, na miaka 39 tu.

Kutoka Rouen mpaka Bendera

Wengine walichukua kazi mbele. Mjerumani Leibniz alitafuta mashini ya kuzidisha. Mfaransa Thomas de Colmar aliandikisha yake mwaka 1820. Mswidi Odhner, aliyetumika Saint-Pétersbourg, alileta gurudumu lenye meno ya kuingia na kutoka, na baada ya mapinduzi ya Urusi ya 1917 kazi hiyo ilihamia Göteborg. Hiyo ndiyo iliyofika mpaka depo ya Bendera. Ukitaka 37 mara 24, unapanga 37, unazungusha mara nne, unasogeza hatua moja, unazungusha mara mbili. Mizunguko sita, na inatoa 888. Kila mara gurudumu likipita 9, kichuma kidogo kinabeba moja kwa jirani. Namna imebadilika, kazi ni ile ile ya kijana wa Rouen.

Mama yule wa Bendera alipopewa simu yake, hakuondoka. Alifungua daftari la watoto alilokuwa nalo katika kitambaa, mahali anapoandika gramu za bwana yake kila siku ya kuuza. Akamwomba fundi amwachie manivele. Alipanga hesabu ya mwezi uliopita mstari kwa mstari, akizungusha pole pole, huku anatazama vidirisha na karatasi. Ilipokwisha, alikuta mahali pamoja, katika mkono wake mwenyewe, moja haikupelekwa. Alichukua bik, akasahihisha, akafunga daftari.